Mwenye Sauti ya Saa

Majirani walimwita Kamili, na wengi walidhani jina hilo lilitokana na usafi wake. Uani kwake hapakuwa na jani lililolala chini, shuka zilikunjwa pembe kwa pembe, na akikwambia njoo saa nne, saa nne ikifika chai iko mezani. Hakujisumbua kuwasahihisha. Jina lenyewe lilitoka mbali zaidi, kwenye chumba kidogo cha jengo la simu, enzi ambazo mtu akitaka kuongea na ndugu yake wa mji mwingine ilibidi amwombe opereta amuunganishe.

Alikuwa opereta. Aliingia kazini akiwa msichana aliyemaliza shule juzi tu, akakalishwa kwenye kiti kirefu mbele ya swichibodi, ubao mpana uliojaa matundu na taa ndogondogo. Taa ikiwaka unachomeka waya na kuuliza, "Nambari gani, tafadhali?" Kisha unachomeka mwingine kwenye tundu la anayetafutwa, na watu wawili waliotenganishwa na safari ya siku nzima wanaanza kuulizana hali. Mikono yake ilikuwa myepesi, lakini kilichomtofautisha na wenzake ni sauti. Ilikuwa tulivu, haipandi wala kushuka ovyo, na hata mtu aliyepiga akiwa amefura kwa hasira alijikuta anamaliza kwa kusema asante.

Kwa hiyo wakubwa walipoamua kuanzisha huduma ya saa, yaani unapiga nambari fulani unaambiwa saa ngapi, hawakutafuta mbali. Walimwingiza kwenye chumba kilichotundikwa mablanketi ukutani ili kuzuia mwangwi, yeye na fundi mitambo mmoja kijana, mwembamba, mwenye kalamu nyuma ya sikio. Hakusoma saa zote za siku, maana angezeekea humo. Alisoma vipande. Kwanza, "Kwa mlio utakaofuata, itakuwa," halafu saa mojamoja, halafu dakika, na mwisho neno "kamili." Mtambo ndio ungeviunganisha. Fundi alimrudisha sana kwenye hilo neno la mwisho. Mara pumzi imesikika, mara kiti kimelia. Baadaye, walipokwisha kuoana, alimwambia kwamba pumzi haikusikika hata kidogo. Alikuwa hataki aondoke tu. Akawa anamwita Kamili, na jina likatoka ndani likaingia mtaani. Yeye naye hakuacha kumwita Fundi.

Mkuu wa kituo alimwonya asiitangaze kazi ile. Watu wakijua sauti ni ya nani, alisema, hawatamwacha apumue. Kamili akaitunza siri kama alivyotunza kila kitu. Walijua wenzake wa zamu, alijua mumewe, na alijua mdogo wake wa kike, ambaye baadaye alikuja kuwa mtangazaji wa redio mwenye jina. Huyo mdogo mtu alipata kila alichotakiwa kupata mtangazaji: picha gazetini, watu kumgeukia dukani mara tu akifungua kinywa. Sauti za ndugu hao wawili zilifanana kiasi kwamba mama yao mzazi alikuwa akiwachanganya kwenye simu. Watu walipomsifu mdogo wake, Kamili alifurahi naye kwa moyo mweupe. Hakuona haja ya kusema, "Hata mimi." Nchi nzima ilikuwa inamuuliza yeye saa, na hilo lilimtosha.

Kisha ikaja mitambo mipya. Swichibodi zikang'olewa, na huduma ya saa ikafungwa bila hata tangazo, kwa kuwa kila mtu sasa alikuwa na saa mkononi au simu mfukoni. Kamili akastaafu, Fundi akafuata. Wenzake wa zamu walimtangulia mmoja baada ya mwingine kwenda kwenye safari isiyo na kurudi, na yule mkuu wa kituo pia.

Habari za makumbusho zililetwa na mjukuu. Alikuwa msichana wa darasa la nne aliyeitwa Maswali na familia nzima, na jina halikumwonea. Mama yake, binti pekee wa Kamili, alikuwa dereva wa basi la shule. Siku moja Maswali alishuka kwenye basi na karatasi ya rangi iliyoandikwa kwamba jumba kubwa la makumbusho ya teknolojia limefungua ukumbi mpya wa mawasiliano, na familia zinakaribishwa.

"Bibi na Babu waje," alisema. "Si walikuwa wanafanya kazi ya simu?"

Fundi alikuwa anakaza skrubu ya pasi. Hakuinua macho. "Huko ni kutembea mwanzo mwisho. Magoti ya bibi yako hayawezi."

"Magoti yangu yanaenda sokoni," alisema Kamili.

"Sokoni si kama kule. Kule kuna ngazi."

Wiki iliyofuata Fundi alisema gari la binti yao halina breki nzuri, na binti, ambaye kazi yake ni kubeba watoto wa watu, akanuna siku nzima. Wiki nyingine akasema kifua kinambana. Kamili aliona namna anavyowapiga chenga, lakini alilitafsiri kwa wema. Alidhani mumewe ni kama wastaafu wengi, hapendi kwenda kuangalia vyombo vya kazi yake vikiwa vimefungiwa kwenye vioo kama maiti. Na lile la magoti lilimgusa. Alijisemea moyoni kwamba mwanaume huyu bado anamjali.

Jumamosi moja binti alikuja na gari, akapiga honi, na Maswali akamshika babu yake mkono akamtoa kitini. Hakukuwa na kisingizio tena.

Jumba lilikuwa kubwa kuliko walivyodhani. Ukipita milango ya vioo unakutana na injini ya mvuke, nyeusi, imepakwa mafuta inang'aa, magurudumu yake marefu kumzidi mtu mzima. Juu ya vichwa vyao ndege ndogo ya zamani ilining'inia kwa nyaya, na Maswali akataka kujua ikikatika itamwangukia nani. Kulikuwa na ukumbi wa mashine za kuchapa, ukumbi wa mizani na saa za minara, na chumba kizima kilichokaliwa na kompyuta moja yenye ukubwa wa kabati tatu za nguo.

"Ilikuwa na michezo?" aliuliza Maswali.

"Ilikuwa inajumlisha hesabu," alisema mama yake, akisoma kibao.

"Yote hiyo? Kujumlisha tu?"

Kamili alicheka mpaka akafuta macho. Kitambo hawakuwa wametoka hivi, wote pamoja, bila msiba wala harusi. Aliona hata Fundi amechangamka. Siku hiyo alikuwa na maneno mengi ajabu. Aliwasimamisha kwenye injini ya mvuke akaeleza pistoni, akaeleza valvu, akarudia pistoni. Walipotoka hapo akataka wakae wale. Walipomaliza kula akasema sasa jua ni kali, bora warudi nyumbani kabla barabara haijajaa.

"Na ukumbi wa simu?" aliuliza Maswali.

"Nadhani umefungwa leo. Halafu bibi yako amechoka."

"Sijachoka," alisema Kamili.

Ukumbi ulikuwa wazi, taa zote zinawaka. Mlangoni alisimama mwelekezaji, msichana aliyevaa shati la buluu na kitambulisho kifuani. Alipowaona aliachia tabasamu pana.

"Shikamoo, Mzee. Karibu tena."

"Marahaba," alijibu Fundi, harakaharaka, kama mtu anayefukuza nzi.

Kamili alilisikia lile "tena." Lilimpita kichwani likaenda, kwa sababu tayari alikuwa ameiona swichibodi. Haikuwa ile ya kwake, lakini ilikuwa ya aina ileile, na kiti kirefu kimewekwa mbele yake. Alisogea akagusa ukingo wa mbao pale ambapo viganja vya maopereta vilikuwa vimeuchubua. Alianza kumwonyesha binti yake jinsi waya ulivyovutwa, na jinsi walivyopitishiana vipande vya mhogo chini ya meza msimamizi akigeuka.

"Bibi!" Maswali alikuwa ukutani, amebana mkono wa simu ya zamani sikioni. "Humu kuna mtu anataja saa."

Kamili aliuchukua mkono wa simu. "Kwa mlio utakaofuata," ilisema sauti, "itakuwa saa nane na dakika ishirini, kamili." Kukawa na mlio mfupi. Halafu ikaanza tena, tulivu, bila haraka, sauti ya msichana aliyekuwa amekaa kati ya mablanketi huku kijana mwembamba akimwambia arudie.

Aliubana mkono wa simu sikioni kwa furaha. Kumbe haikufutwa. Miaka yote hii alikuwa akiamini kwamba mikanda ile waliyorekodi ilitupwa pamoja na nyaya. Na papo hapo akadhani amelielewa jambo zima: visingizio, breki mbovu, kifua kubana, lile "karibu tena." Fundi alikuwa anamwandalia kitu. Alikuwa anamficha ili amshangaze. Alimgeukia akiwa na tabasamu la bi harusi, mkono wa simu bado uko sikioni.

Fundi alikuwa anatazama sakafu.

Ndipo Kamili alipoinua macho ukutani, juu ya simu. Kulikuwa na picha kubwa ya mdogo wake, yule mtangazaji, enzi za ujana wake, amekaa mbele ya maikrofoni ya redio. Chini yake paliandikwa kwa herufi nene kwamba hiyo ndiyo sauti iliyolitajia taifa saa, na jina la mdogo wake likafuata, lote, pamoja na jina la baba yao, ambalo ni lake pia. Chini zaidi, kwa herufi ndogo, palikuwa na jina la mumewe: fundi aliyerekodi.

Pembeni kulikuwa na picha nyingine, mpya. Siku ya ufunguzi. Mdogo wake ameshika mkasi, amekata utepe, na Fundi amesimama ubavuni pake akiwa na koti la kijivu. Kamili alilijua lile koti na alikuwa amelipiga pasi yeye mwenyewe. Fundi alimwambia anakwenda kumzika mwenzao wa kazini, mbali, kwa hiyo asijisumbue kumsindikiza. Kamili alimpa pole zake amfikishie mjane. Jioni Fundi alirudi akasema, "Nimezifikisha. Wamezipokea."

Mwelekezaji alikuwa ameshasogea karibu, anaeleza kwa sauti ya kazi. "Mzee huyu ndiye aliyetuletea mikanda. Bila yeye tusingejua ni sauti ya nani. Siku ya ufunguzi yule mama alitutajia saa palepale, kwa mdomo wake, watu wakapiga makofi."

"Hii sauti ni yangu," alisema Kamili.

Msichana yule hakucheka. Alitabasamu kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Wengi huniambia hivyo, Bibi. Ni sauti iliyokaa kwenye masikio ya watu."

"Mwanangu, sikuambii nimeizoea. Nakwambia ni yangu." Akavuta pumzi. "Kwa mlio utakaofuata, itakuwa..."

Ikatoka sauti ya kikongwe. Ilikwaruza katikati ikakatika kabla ya kufika mwisho. Kamili mwenyewe aliisikia. Mtu anaongea kila siku hajui sauti yake imekwenda wapi, mpaka apishane nayo hivyo, uso kwa uso.

"Hazifanani, Bibi," alisema Maswali kwa huruma.

Kamili alimgeukia mumewe. Ukiacha mdogo wake wa pichani, hakuwa na shahidi mwingine duniani. Wote waliokuwepo walikuwa udongoni, amebaki huyu mmoja, na huyu mmoja alikuwa hatua mbili kutoka kwake, mzima wa afya, akili zake timamu.

"Fundi," alisema. "Mwambie."

Fundi alikohoa. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Tusimcheleweshe binti wa watu, ana kazi," alisema. "Tutaongea nyumbani."

Kamili aliuning'iniza mkono wa simu mahali pake, taratibu, kama alivyofundishwa, bila kuugonga.

Ndani ya gari alikaa mbele. Alijikaza kisabuni, akatazama barabara. Maswali, kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea, hakuwa na swali. Binti ndiye aliyeanza, akimtazama baba yake kwenye kioo.

"Baba, ile sauti ni ya nani?"

"Endesha gari."

"Naendesha. Nilipokuwa mdogo, mama akiwa zamu ya usiku, ulikuwa unapiga ile nambari unaniwekea simu sikioni. Ulikuwa unaniambia, msikilize mama yako. Nikawa nalala. Nilipokua nilidhani ulikuwa unanidanganya tu ili ninyamaze."

"Watoto huambiwa mengi," alisema Fundi.

Kamili alilisikia hilo kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo. Mtu huyu alikuwa tayari kuigeuza uongo hata kumbukumbu ya mtoto wao.

Nyumbani walikaa sebuleni, wawili tu. Hakumpigia kelele. Alimuuliza, na Fundi, alipoona hakuna pa kutokea, alieleza. Watu wa makumbusho walikuja kumtafuta, wamesikia ana mitambo na mikanda ya zamani stoo. Waliipenda. Lakini walisema ukumbi una nafasi chache, wanahitaji vitu vyenye watu wanaojulikana. Kama ni opereta tu, mtu asiye na jina, wangeuweka ule mkanda kwenye boksi. Wakauliza, sauti hii mbona kama ya yule mtangazaji? Je, ni yeye?

"Nikasema ndiyo," alisema Fundi. "Neno moja. Lilinitoka."

"Lilikutoka. Na ukaenda kwake?"

"Walitaka kumwona. Nikawapeleka."

"Na msiba ule nao ulikutoka?"

Fundi alikunja mikono ya shati lake.

"Maisha yangu yote nimeingia chini ya meza na bisibisi," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyewahi kuandika jina langu popote. Nilitaka nami nionekane mara moja kabla sijafa. Wewe hukuwahi kujali mambo ya kujulikana."

"Hukuniuliza kama najali."

"Hawakuwa na nafasi, Kamili."

"Chini ya ile picha kuna jina lako. Kwa hiyo nafasi ya jina ilikuwepo."

Mdogo wake alikuja keshokutwa yake, amejitanda vizuri, ananukia. Fundi alikuwa amempigia simu kumwonya, hilo lilionekana usoni pake. Alikaa ukingoni mwa kochi.

"Dada, mimi sikuomba. Shemeji alikuja na wale watu sebuleni kwangu, wamebeba kamera. Nikadhani mmeshakubaliana nyumbani."

"Ungepiga simu ukaniuliza."

"Ningepiga."

"Hukupiga."

Mdogo mtu alichezea bangili zake. Ile sauti nzuri, iliyofunzwa, ambayo haikuzeeka kwa kuwa ilitunzwa, ilishuka. "Nimestaafu muda sasa, Dada. Simu haiiti. Wanaonitambua barabarani ni wazee wenzangu. Wale vijana walipokuja na kuniambia mama, wewe ndiye sauti ya taifa... sikuweza kusema si mimi."

"Waliokupigia makofi siku ya ufunguzi, uliwatajia saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na neno la mwisho, ulilitaja vizuri?"

Mdogo wake alianza kulia. Kamili alimwangalia. Angeweza kumsamehe huyu, alihisi hivyo hata wakati ule, kama unavyomsamehe mtoto aliyevaa viatu vyako akavichafua. Uchungu wake haukuwa hapo. Alimpa kitambaa afute machozi, akamwambia aende, asije kwa muda.

Fundi aliahidi kurekebisha. Kamili hakumwomba mara mbili. Jumatatu mzee alivaa lile koti la kijivu akaondoka asubuhi, akarudi mchana amechoka, akatundika koti msumarini. "Nimemaliza," alisema. "Wameitoa picha ya mdogo wako." Kamili akamtengea chakula. Hawakurudiana kama zamani, lakini alianza tena kumjibu kwa sentensi nzima badala ya ndiyo na hapana, na Jumapili moja alimkata kucha za miguu kama kawaida yao, kwa kuwa Fundi hakuweza kuinama. Alikuwa amekata kauli kwamba ataliacha lipite. Watu wamezeeka, aliwaza, mtu huteleza.

Mwisho wa muhula shule ya Maswali ikawapeleka watoto makumbusho, na dereva wa basi alikuwa mama yake. Wakati watoto wakipigania kuona injini ya mvuke, binti alipanda peke yake hadi ukumbi wa mawasiliano. Jioni hiyo alifika kwa mama yake na basi tupu, akaliegesha nusu barabarani, akaingia bila kuvua viatu.

"Mama, picha ya mama mdogo imetoka kweli. Lakini unajua wameandika nini? Sauti ya opereta asiyejulikana. Nikamuuliza yule msichana kwa nini asiyejulikana. Akaniambia mzee alikuja akasema kumbukumbu zinamchanganya, hana hakika tena alimrekodi nani. Eti walikuwa maopereta wengi. Jina lake mwenyewe lipo palepale."

Fundi alikuwa mlangoni, katoka kuoga, taulo begani. Alisikia yote.

"Kumbukumbu zinakuchanganya?" aliuliza Kamili.

"Ungetaka niwaambie niliwadanganya? Umri huu, mbele ya watoto wadogo wale? Wangeniondoa hata mimi. Nimemtoa mdogo wako, si ndicho ulichotaka?"

"Nilitaka useme ni mimi."

"Kamili, wewe unajua ni wewe. Mimi najua. Huko nje kuna tofauti gani?"

Kamili alisimama. Lile la kwanza, aliliona sasa, lingeweza kuitwa tamaa. Neno limemtoka mtu akiwa ametajiwa sifa, akashindwa kulirudisha. Hili la pili Fundi alilifikiria. Alikaa akalipima: kupoteza uso wake mbele ya msichana wa shati la buluu, au kumpoteza mkewe. Akachagua, akavaa koti, akapanda gari, akaenda akasema hamkumbuki. Kisha akarudi, akala chakula chake.

"Nisaidie begi lililo juu ya kabati," Kamili alimwambia binti yake.

Walikwenda makumbusho pamoja, yeye na binti, siku ya kazi. Msimamizi wa ukumbi aliwapokea ofisini kwake, mwanaume mwenye adabu, akawapa maji. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama yupo mfanyakazi mwenzake wa enzi zile anayeweza kuthibitisha. Hakuwepo, na neno la mdogo wake, aliyekwisha kupokea makofi yasiyo yake, lisingetosha. Akauliza kama kituo cha simu kiliacha maandishi yoyote, na Kamili akamweleza kwamba ilikuwa siri kwa amri ya mkuu. Msimamizi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini aliyerekodi yupo hai, na ametuambia hakumbuki. Nitaandikaje kinyume chake? Akibadilisha kauli, siku hiyohiyo nabadilisha."

Kamili alimshukuru. Njiani kuelekea mlangoni binti alitaka wapite ukumbini angalau asikilize tena, lakini mama yake alikataa. Alisema amesikia vya kutosha.

Hakurudi kwa Fundi. Binti yake alikuwa na chumba cha nyuma alichokitumia kuweka matairi, wakakisafisha, wakapaka chokaa. Maswali alimuuliza kila kitu, kuanzia namna ya kuunganisha simu hadi kama babu atakuja kuishi nao. Kamili alimjibu maswali yote ya simu. La babu alimwambia, "Babu yako ana kwake."

Fundi alianza kuja Ijumaa. Mara ya kwanza alifika na redio ya binti aliyokuwa akiitengeneza, mara nyingine hakuwa na sababu yoyote mkononi. Angekaa barazani, miwani imeshuka puani, na Kamili angemtolea chai kwenye sinia, kikombe na kisahani, na sukari pembeni ajitilie mwenyewe, ingawa alijua anaweka vijiko vingapi. Waliongea habari za dari linalovuja, bei ya gesi, jirani aliyehama. Ijumaa moja Fundi alifungua kinywa akasema, "Kule makumbusho, nimekuwa nikifikiri..." Kamili akasubiri. Alisubiri kweli, sinia mkononi. Fundi alikitazama kikombe, akamalizia kwamba siku hizi wamepandisha kiingilio.

Chai ilipokwisha, Kamili alimsindikiza hadi getini, kama anavyosindikizwa mgeni, akamwambia awasalimie majirani. Halafu akarudi ndani akafungua madirisha, akamketisha Maswali mezani, maana binti yake alikuwa anachelewa na mtoto alihitaji kusimamiwa afanye kazi za shule.